Mashua Moja, Kazi Mbili: Kuvua na Kushindana kwa Tanga Lamu Wakati wa Maulidi

Mashua nyingi zinazopanga mstari mbele ya mji wa Lamu siku za Maulidi ni vyombo vya kazi. Wiki iliyopita zilibeba mchanga, mawe, au barafu na samaki, na wiki ijayo zitarudi huko huko. Kwa hiyo kazi ya nahodha ni kukivua chombo uzito wa kazi, kukipatanisha na maji, kisha kukirudisha kwenye uvuvi kabla sikukuu haijapoa. Maelezo haya yanafuata mashua ya mita 8 hivi, yenye tanga moja na mabaharia wanane hadi kumi. Ratiba imepangwa kwa mfano wa mbio za Jumamosi, mwezi ukiwa umeandama Ijumaa. Tarehe yako ikiwa nyingine, sogeza saa zote kwa hesabu ya maji iliyo hapa chini.

Anza na mwezi

Maulidi ya Lamu, yanayozunguka Msikiti wa Riyadha, hufanyika mfungo sita na kufikia kilele mwishoni mwa mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa miladi, ndiyo maana sherehe husogea. Kuanzia 2025 hadi 2027 mfungo sita unaangukia Agosti na Septemba. Upepo wa majira hayo ni kusi, ila ni kusi iliyoanza kuchoka: asubuhi bahari imelala, mchana upepo unaamka, alasiri unavuma kwa nguvu zake. Na kwa kuwa mwisho wa mwezi unagusana na mwandamo, sherehe zinaangukia kwenye maji ya bamvua, yaani maji makubwa.

Hesabu ya kukaa nayo kichwani ni hii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Kila siku inayotangulia punguza hizo hizo. Bamvua hufikia kilele siku moja au mbili baada ya mwandamo, na hapo tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3. Juma moja baadaye ni maji mafu, na mkondo unakuwa mpole. Jedwali la maji litakupa dakika kamili, lakini nahodha asiyeijua hesabu hii bila jedwali atachelewa kwa kila jambo.

Jumatano: kupweleza na kusafisha chini

Mwani wenye urefu wa ukucha tu unaiibia mashua mwendo kuliko tanga bovu. Chombo lazima kipwelezwe (kikalishwe pwani maji yakipwa) kisafishwe, na siku ya kukipweleza si ya kuchagua ovyo. Kipandishe pwani siku mbili kabla ya mwandamo, maji yakiwa bado yanakua. Ukikipandisha kwenye kilele cha bamvua, kila maji yatakayofuata yatakuwa madogo kuliko yale yaliyokuleta, na mashua itakaa juu ya mchanga mpaka bamvua la pili, wiki mbili baadaye. Kosa hili huwapata hata watu wazima wa bahari, kwa sababu siku ya maji makubwa ndiyo inayoonekana rahisi zaidi kupandishia chombo.

Kwa mfano wetu, Jumatano maji yanajaa kiasi cha saa nane na nusu usiku. Leta mashua ikiwa tupu, bila farumi (uzito wa kutuliza chombo), bila nanga, bila jiko, uipandishe mahali penye mchanga usio na jiwe. Maji yanapoondoka, iegemeze kwa miti minne, miwili kila upande, na chini ya kila mti weka kipande cha ubao ili usizame mchangani. Utakuwa na muda wa kufanya kazi tangu kupambazuka hadi kiasi cha saa tano. Saa nane na nusu mchana itaelea tena.

Kwangua kuanzia kwenye mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo) kwenda juu, kwa kikwangulio butu. Kile kikali hukata mbao na kuacha mifereji ambayo mwani huanza nayo upya. Sehemu tatu husahaulika: ukingo wa nyuma wa usukani, ubavu wa ndani kati ya usukani na shetri (sehemu ya nyuma ya chombo), na chini kabisa ya mkuku pale mchanga unapogusa. Chimba mchanga kidogo ufikishe mkono.

Kagua viungo vya mbao. Panapovuja patie kalafati: pamba iliyosokotwa, ikalowekwa kwenye mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo ndogo. Jaza mpaka pamba ilingane na ubao, kisha acha. Ukiishindilia kwa nguvu, mbao zikilowa na kuvimba zitasukumana na kung'oa misumari. Ukiacha pamba imelegea, itatoka yenyewe mashua ikijipinda kwenye mawimbi.

Mwisho ni deheni: shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa mpaka ikawa kama uji mzito, ikapakwa kwa mkono ingali na uvuguvugu. Paka mara mbili, nyembamba nyembamba. Mkono mmoja mnene hukatika mapande na kuacha chini pakwaruze. Wanaotumia rangi ya dukani ya kuzuia mwani wafuate muda wake wa kukauka, ambao mara nyingi hauingii ndani ya kupwa kumoja. Hao wapweleze mapema zaidi. Siku nzima ikiwa ya jua kali, mwagia maji ubavu wa juu kila baada ya muda. Mbao zikikauka sana hufunguka, na utazindua chombo kinachovuja kuliko ulivyokitoa.

Alhamisi: tanga na foromali

Foromali ya mashua, yaani mti mrefu unaobeba tanga, mara nyingi ni miti miwili iliyofungwa pamoja, na pale inapopishana ndipo inapovunjikia. Mapishano yawe yamefungwa mahali pasipopungua patatu, kila fundo likiwa na mizunguko minane au zaidi, kisha piga kabari nyembamba ya mti ndani ya kamba ili ikaze. Kamba ya makumbi ikilowa hukaza yenyewe. Ya nailoni ikilowa hulegea, kwa hiyo kama ni nailoni, ilowe kwanza ndipo uivute. Pitisha mkono juu ya foromali yote. Ufa unaozunguka mti ni hatari kuliko ule unaokwenda nao kwa urefu.

Kufunga tanga kwenye foromali kuna utaratibu wake. Kwanza funga pembe ya mguuni, yaani ile inayokaa omo (mbele ya chombo). Vuta upande wote wa juu kuelekea ncha mpaka nguo inyooke, funga pembe ya nchani. Kisha funga katikati, halafu gawanya nusu kwa nusu mpaka vifungo vifikie umbali wa shibiri mbili hivi. Anayeanza upande mmoja na kwenda moja kwa moja hadi mwisho hujikuta amekusanya nguo yote iliyozidi nchani, na tanga litapata mkunjo unaokwenda mshazari mpaka kwenye demani (kamba ya kuongozea tanga). Mkunjo ule ni breki.

Unavuta kwa nguvu kiasi gani? Angalia upepo wa siku ya mbio. Upepo mwepesi unataka tanga lenye tumbo, basi legeza kiasi cha upana wa kiganja kwa urefu wote wa foromali. Upepo wa kusi wa alasiri unataka tanga bapa, basi vuta mpaka nguo iishe kunyumbuka. Tumbo likae theluthi ya mbele. Likisogea nyuma, mashua italala ubavu bila kwenda mbele. Tanga la mardufu jipya halifai kuingia mbioni siku ya kwanza: hunyooka likivutwa na husinyaa likilowa, hivyo litumie kwanza kwenye uvuvi kwa siku kadhaa.

Henza, kamba ya kupandishia tanga, huifunga foromali chini kidogo ya katikati. Anza na sehemu mbili kwa tano kutoka mguuni: foromali ya mita 10, funga kwenye mita ya 4. Hapo ni pa kuanzia tu. Kwenda joshi (karibu kabisa na upepo), kama kana (mpini wa usukani) inakuvuta mkono na omo inataka kukimbilia upepo, sogeza fundo la henza shibiri moja kuelekea ncha, ili sehemu kubwa zaidi ya tanga ikae mbele ya mlingoti. Kama omo inakimbia upepo na unalazimika kuisukuma irudi, sogeza shibiri moja kuelekea mguuni. Weka alama ya rangi kwenye kila fundo ulilojaribu. Ijumaa, mnapokwenda kuvua, ndiyo siku ya kujaribu.

Kamba ya henza isiwe ile inayonyumbuka. Nailoni laini hurefuka upepo ukivuta, foromali ikashuka, na tanga likapoteza umbo katikati ya mbio bila mtu kujua sababu. Tia mafuta kidogo kwenye kapi, na pitisha kamba yote mara moja uone kama kuna fundo au uzi uliochanika utakaonasa. Tanga lisiloweza kutuliwa kwa haraka ndilo linalozamisha vyombo.

Demani nayo haifungwi fundo la kudumu hata siku moja. Izungushe mara moja na nusu kwenye kigingi, mwisho ukae mkononi mwa mtu. Kishindo cha upepo kikija, anaachia. Akihitaji kufungua fundo kwanza, mashua imeshanywa maji.

Ijumaa alfajiri: kuvua kwa maji yaliyosimama

Maji yanajaa saa kumi alfajiri na kuanza kutoka. Ondoka na maji hayo. Yatakuchukua hadi nje ya mlango wa bahari wa Shela, kijiji kilicho kusini mwa mji, bila upepo wa kutosha kukusaidia, na inakupasa uwe umepita mlangoni kabla ya saa moja na nusu. Baadaye kusi ikianza kuamka huku maji yangali yanatoka, upepo na mkondo hugongana pale mlangoni, na mawimbi yanasimama wima, mafupi, yanayoingia chomboni kutokea omo.

Wakati wa bamvua mshipi wa chini hauvui saa zote. Mkondo ukiwa mkali, chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi) linaburutwa, mshipi unalala, na huhisi samaki akigusa. Muda wa kazi ni maji yanaposimama, kama nusu saa kabla na nusu saa baada ya kupwa. Kwa siku hii ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu. Hiyo ni saa moja tu, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla: chambo kimekatwa, mishipi imenyooshwa, nanga imeshika.

Kwa changu na jamii yake tumia mshipi wa milimita 0.6, chubwi la gramu 200 kwa kina cha pima 10, ndoana mbili juu ya chubwi, kila moja kwenye kitawi cha shibiri moja. Kwa chewa panda hadi milimita 1 na ndoana moja kubwa, na usimpe nafasi: akishaonja, mvute pima mbili za kwanza kwa haraka, la sivyo anaingia pangoni, anatanua mapezi, na mshipi unakatika kwenye jiwe. Chambo cha ngisi kinakaa kwenye ndoana kuliko cha kamba wa baharini, na samaki wadogo hawakimalizi upesi. Kata vipande virefu vyembamba kama kidole cha mwisho, uchome mara mbili karibu na ncha moja, sehemu iliyobaki icheze ndani ya maji.

Nanga ya mwambani iwe na kamba ndefu mara tatu ya kina, ifungwe imara kwenye kitako cha nanga, kisha ishikizwe kwa uzi mwembamba kwenye kichwa chake. Ikinasa, vuta kwa nguvu, uzi unakatika, nanga inageuka na kutoka kinyumenyume.

Samaki aingie kwenye barafu mara moja, akiwa amekwisha kutolewa damu na matumbo. Kwa joto la pwani weka kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Barafu ilazwe tabaka chini, samaki, tabaka tena. Ikiwekwa juu peke yake, samaki wa chini hupika polepole kwenye maji yao. Tafi wana miiba yenye sumu mgongoni na chini ya tumbo, kwa hiyo washikwe kwa kitambaa kutokea kichwani. Aliyechomwa atie mkono kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, kwa muda wa nusu saa au zaidi, mpaka maumivu yapungue. Bunju mrudishe baharini. Hakuna namna ya kumpika ikawa salama.

Nyavu za kukokota za pwani na bunduki za mkuki zimepigwa marufuku Kenya, na kasa hulindwa na sheria. Ukimnasa kwa bahati mbaya, mkatie mshipi karibu na mdomo umwache aende. Leseni ya uvuvi iwe chomboni, na zungumza na BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) ya mahali unapokusudia kuvua kabla ya kutoka.

Kuanzia saa nne na nusu maji yanaanza kuingia na kusi inakuja kutoka nyuma. Vyote viwili vinakusukuma nyumbani. Tweka tanga, fanya majaribio ya henza njiani, na mtakuwa mmefunga gatini kabla ya adhana ya Ijumaa.

Kupunguza uzito na kupanga farumi

Ijumaa jioni toa kila kisichokwenda mbioni: sanduku la barafu, nanga kubwa (baki na ndogo), jiko, madumu, nyavu, mbao za sakafu zisizokanyagwa. Kisha fua ngama (chini ndani ya chombo, maji yanapokusanyika) mpaka ikauke na uifute kwa kitambaa. Lita 100 za maji ni kilo 100, na tofauti yake na farumi ni kwamba maji hukimbilia upande ulioinama, yaani upande ule ule usioutaka. Upo mbili (vyombo vya kutolea maji) na mtu mmoja wa kufua wakae ndani wakati wote wa mbio.

Farumi ya mbio ni viroba vya mchanga mkavu vya kilo 25. Viroba vya 50 huonekana kupunguza kazi, lakini mtu mmoja hawezi kukihamisha wakati chombo kinageuka, na kiroba kilichobaki upande wa chini ni sawa na kumpandisha mpinzani wako. Shona midomo yote. Kwa kusi ya kutosha anza na viroba vinane. Upepo ukiwa mwepesi, vinne. Vipange kuzunguka mlingoti na nyuma yake kidogo, visiende omo.

Ubao wa kukalia nje, ule unaotokeza upande wa upepo, uwe na urefu wa mita 4 hivi na unene wa sentimita 5, usio na fundo la mti katikati. Mwisho wake wa ndani uingie chini ya kamba nene iliyofungwa kwenye ubavu wa pili, katikati ulale juu ya ukingo wa upeponi. Usiupigilie, kwa kuwa utahamishwa kila mkigeuka. Watu wawili wanatosha juu yake. Hatari ya ubao huu ni upepo kukatika ghafla: uzito unabaki nje, na mashua inaanguka kuelekea upeponi. Waliokaa nje watazame tanga kila wakati. Tanga likianza kutikisika mbele, mmoja arudi ndani bila kungoja amri.

Siku ya mbio

Jumamosi maji yanapwa kiasi cha saa tano na kujaa kiasi cha saa kumi na moja. Mbio zikianza saa nane mchana, maji yatakuwa yanaingia kwa nguvu kuliko saa nyingine yoyote, yakitoka Shela kuelekea mjini. Kusi nayo inatoka huko huko. Kwa hiyo kwenda Shela mnapiga bisho (mnakwenda kwa kupinda huku na huku) dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja, na kurudi mnasukumwa na vyote. Ushindi unapatikana au unapotea kwenye nusu ya kwanza.

Mkondo una nguvu katikati ya mlango na hupungua kandokando, panapokuwa na kina kidogo. Piga bisho fupi fupi kando ya ukingo mmoja, ukitoka nje kidogo na kurudi, badala ya kuvuka upande hadi upande. Mtu wa omo awe na mti wa kupimia kina. Mti ukigusa chini ya pima moja, geuka. Ukitaka kujua mkondo uko wapi, tazama asubuhi vyombo vilivyofunga nanga, maji yangali yanatoka na kupingana na upepo: vilivyo ndani ya mkondo vinauelekea huo, vilivyo kando vinauelekea upepo.

Kurudi ni kinyume chake. Kaa katikati, maji yakubebe.

Kugeuza tanga ndiko kunakotenganisha mabaharia. Tanga la foromali lina upande mzuri na upande mbaya. Upande mzuri foromali iko chini ya upepo wa mlingoti na nguo iko huru. Upande mbaya nguo inabanwa na mlingoti, umbo linavunjika, na mwendo unapungua. Kwa bisho la dakika moja au mbili, geuza omo kupitia upepo, uliache tanga lilipo, na uvumilie upande mbaya. Kwa safari ndefu ya upande mmoja, hamisha foromali. Utaratibu wake:

1. Nahodha anatangaza mapema na kuiondoa omo kwenye upepo, chombo kikianza kukimbia na upepo wa shetri. Kila mtu anainama chini ya foromali.
2. Mwenye demani anailegeza yote lakini mwisho haumtoki mkononi. Tanga linaruka mbele ya omo kama bendera.
3. Wawili wa omo wanavuta mguu wa foromali urudi karibu na mlingoti, foromali ikasimama karibu wima, na kuupitisha upande wa pili.
4. Wakati huo huo demani inazungushwa mbele ya kila kitu hadi upande mpya, na kamba za kushikilia mlingoti zinahamishiwa upande utakaokuwa wa upepo. Viroba na ubao vinahama.
5. Mguu wa foromali unafungwa omo kwanza. Ndipo demani inavutwa, na nahodha anaileta omo juu polepole.

Makosa mawili hurudiwa kila mwaka. La kwanza ni kuvuta demani kabla mguu wa foromali haujafungwa: foromali inazunguka yenyewe na kumpiga mtu. La pili ni kusahau kamba za mlingoti upande wa zamani. Tanga likijaa, mlingoti hauna cha kuushikilia, na hapo ama unapasuka kwenye ubao unaoubana, ama unang'oka. Mpe mtu mmoja kamba hizo, asiwe na kazi nyingine.

Zoezi hili likiwa zuri humaliza chini ya nusu dakika. Lifanyeni mara kumi Ijumaa mkirudi kutoka kuvua, na kila mtu awe mahali atakapokuwa siku ya mbio.

Mkutano wa manahodha kabla ya kuanza usiukose. Uliza mambo manne: maboya yanazungukwa upande gani, mwanzo ni wa tanga chini au wa kupita mstari mkiwa mnakwenda, mtu akianguka majini chombo kinarudi kumchukua chenyewe au kuna boti ya uokozi, na mashine inatakiwa iachwe gatini au inaruhusiwa kufungwa ndani. Mwanzo wa tanga chini huwashinda wenye henza nzito: weka watu watatu wenye nguvu kwenye jarari (kamba ya kuvutia henza), na mguu wa foromali uwe umefungwa tayari. Mwanzo wa kupita mstari unataka subira; afadhali kuchelewa kwa urefu wa chombo kimoja ukiwa na mwendo, kuliko kuwa mbele ukiwa umesimama.

Njia ikigombewa, chombo kinachopata upepo kwa kushoto humpisha kinachopata kwa kulia. Vyote vikipata upande mmoja, kilicho upeponi humpisha kilicho chini ya upepo. Sheria hii inafundishwa hata watoto wa gatini, na bado kila mwaka foromali hugongana pale kwenye boya la kwanza, kwa sababu kila nahodha anataka ndani. Ukifika boya la kwanza wa tatu au wa nne, zunguka kwa upana kidogo nje ya msongamano. Utapoteza urefu wa mashua mbili, lakini utatoka na upepo safi wakati walio ndani wameshikana.

Kwenda na upepo kurudi mjini, wahamishe watu nyuma ili omo isichimbe, na viroba viwili viende shetri. Legeza demani mpaka ukingo wa tanga unaanza kutikisika, kisha uivute kidogo tu. Usipeleke shetri moja kwa moja kwenye upepo. Acha upepo uje nyuzi 20 hivi kando ya shetri. Wimbi moja likiigeuza mashua huku upepo ukiwa nyuma kabisa, tanga hujipindua lenyewe, na hakuna anayelizuia.

Kila mtu avae jaketi ya kuokolea, hata muogeleaji hodari. Aliyepigwa na foromali hawezi kuogelea.

Jumapili: kurambaza (kuvua kwa kuburuta mishipi)

Maji yanajaa karibu saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, na kutoka kwake kunakupeleka nje kunapopambazuka, saa nzuri ya nguru na kolekole. Rudisha chomboni nusu ya viroba, sanduku la barafu, na tanga la kazi badala ya lile la mbio. Tupa mishipi miwili nyuma, mmoja mita 30 na mwingine 40 ili isisokotane, kila mmoja ukiwa na waya wa nusu mita mbele ya ndoana, kwani meno ya nguru hukata nailoni kama uzi wa nguo. Chambo cha vibua kishonwe mdomo, la sivyo kitazunguka na kusokota mshipi wote. Mwendo wa noti 4 hadi 6 unatosha, nao ni mwendo wa mashua safi yenye tanga la kazi kwa upepo wa asubuhi.

Samaki akishika, usitue tanga. Nahodha apandishe omo kuelekea upepo mpaka tanga litikisike, chombo kipunguze mwendo, na mvuaji aurudishe mshipi kwa mikono yenye glavu, akiuweka ndani ya ndoo badala ya sakafuni pale miguu ya watu ilipo. Rudini na maji yanayoingia baada ya saa sita.

Jioni hiyo, kabla ya kuondoka gatini, lifungue tanga la mbio, limwagie maji matamu na ulianike wazi usiku kucha. Mardufu iliyokunjwa na chumvi hushika unyevu, na madoa meusi ya ukungu yataanza kuonekana kwenye mikunjo ndani ya wiki moja.